Ndege Aliyeimba Siku za Soko

Kitirwi alikuwa akiimba zaidi Jumanne na Jumamosi.

Niliona jambo hilo asubuhi moja ya mwezi wa sita, nimeketi barazani na kishikwambi mapajani, nikipanga rekodi za nusu mwaka. Zamu ya kupanga ilikuwa yangu. Kwa kawaida tunapanga kwa mwezi, lakini siku hiyo kidole kiliteleza nikabonyeza panapoandikwa "kwa siku". Jumatatu, sauti nne. Jumanne, thelathini na moja. Jumatano, tatu. Nikarudi nyuma mwaka mmoja, kisha mitano, kisha mpaka mwanzo kabisa, miaka kumi na moja. Ilikuwa vilevile.

Jumanne na Jumamosi ni siku za soko la Ikweni. Ndege hana habari na soko.

Nikazima kishikwambi nikaenda kupalilia tangawizi. Nilipalilia mistari miwili, nikagundua kwamba mmojawapo nilikuwa nimeshaupalilia jana yake.

Msitu wetu juu ya kijiji una masikio mia moja na arobaini. Sikio ni kidude cha ukubwa wa gunzi la mahindi, kimefungwa kwenye shina la mti, kinapata nguvu yake kutoka kwenye unyevu wa ukungu. Likisikia ndege, linamlinganisha na sauti za mfano lilizofundishwa, linaandika jina lake na kulituma kwenye Daftari la Sauti la taifa. Lakini sheria haiamini mashine peke yake. Ndiyo maana tupo sisi, wasikilizaji wa kujitolea. Tunafanya kazi mbili. Ya kwanza, Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi tunakaa wawili wawili kwenye vituo kando ya njia, alfajiri, dakika ishirini bila kusema, na kuandika tulichosikia. Ya pili tunaifanya nyumbani: Daftari linatuletea vipande vya sauti, tunasikiliza, tunaulizwa kama vinafanana na mfano, tunajibu ndiyo au hapana.

Msitu ulio na ndege asiyepatikana kwingine duniani haukatwi, haufyekwi, na haujengwi minara ya ukungu. Sisi tunaye kitirwi. Mlima wa jirani haukuwa na ndege wa namna hiyo, basi minara imesimama pale mistari kwa mistari, inavuna ukungu na kupeleka maji kwenye miji mipya ya tambarare. Siisemi vibaya. Mwanangu Mbazi anaishi huko chini, anakunywa maji hayo. Lakini miti ya mlima ule imekauka kuanzia juu, na chemchemi zake mbili sasa ni matope.

Na sauti ya mfano ya kitirwi, ile ambayo masikio yote mia moja na arobaini yanaifuata, ilikuwa ya mume wangu, Elinihaki.

Mimi nilikuwapo ilipochukuliwa. Wataalamu walikuja kufunga masikio, wakakaa siku tisa kwenye mvua wakimsubiri kitirwi, asitokee. Siku ya tisa, fundi wao mmoja mwenye mafua akamwambia Elinihaki, "Mzee, wewe si unamjua? Hebu mwigize, nishike nafasi kwanza. Tukimpata mwenyewe tutabadilisha." Elinihaki akakunja midomo akapiga: mbili fupi, moja ndefu inayoshuka. Fundi akashukuru. Wakaondoka. Hakuna aliyerudi kubadilisha.

Sasa, mluzi ule sisi wote tunaupiga. Njia ya kutoka mashambani hadi sokoni inapita msituni, nayo ni nyembamba na ya mteremko mkali, ina kona kumi na saba. Anayeshuka na mzigo kichwani akikaribia kona hupiga mluzi, ili anayepanda asimame pembeni. Tuliambiwa tangu utotoni kwamba mababu waliuchukua kwa kitirwi. Siku ya soko, njia ile ni miluzi mitupu.

Tulidhani mashine inajua kututenga na ndege. Mjini walidhani sisi ndio tunaojua.

*

Nilimwambia shemeji yangu Senkondo kabla ya mtu mwingine yeyote. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, na tumekaa pamoja kituo cha saba tangu Elinihaki alipofariki, miaka miwili sasa. Nilimkuta anaosha tangawizi kwenye mtaro. Nikamwonyesha.

Alitazama, maji yakimtiririka viganjani.

"Shemeji," akasema, "panga kwa mwezi. Nani alikutuma upange kwa siku?"

"Kidole kiliteleza."

"Basi kiteleze tena kirudi kilipotoka."

Sikucheka. Yeye pia hakucheka, ingawa ni mtu wa kucheka hata msibani.

"Sikiliza," akasema. "Mkaguzi wa Daftari anakuja mwezi wa saba. Ukipeleka hii, kesho yake kitirwi amefutwa. Wale wa minara walishapima mpaka mgongo wa mlima, wameacha na vigingi. Unataka kuwapa nyundo?"

"Kama ndege hayupo, tunalinda nini?"

"Tunalinda msitu. Chemchemi. Hii tangawizi unayoiona. Mimi kitirwi sijawahi kumwona kwa macho, lakini maji nayaona kila siku." Akarusha kipande kwenye ndoo. "Na jina la kaka yangu je? Watasema aliwadanganya. Mtu ameshalala, hawezi kujibu."

Hilo liliniingia. Lakini kulikuwa na jingine ambalo sikumwambia. Elinihaki hakupenda kurekodiwa. Katika simu zangu zote sina sauti yake, hata ya kusema haloo. Nilichonacho ni ule mluzi wa sekunde nne ndani ya Daftari la taifa. Siku nyingine naufungua nausikiliza mara moja, nafunga. Mwishoni kabisa, baada ya ile noti ndefu, unasikika anavuta pumzi. Nikisema ukweli, kitu cha kwanza watakachofuta ni hicho.

Nilirudi nyumbani nikatoa madaftari yake kwenye kasha. Ni ya karatasi, maana hakuamini kishikwambi peke yake. Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, miaka tisa, kituo kwa kituo. Shore wawili. Kolokolo mmoja. Njiwa msitu, watatu. Na chini ya kila ukurasa, kwa mwandiko wake ulioegemea kushoto: Kitirwi, 0. Nilifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine. Kitirwi, 0. Kitirwi, 0. Mvua nyingi, mikono imekufa ganzi. Kitirwi, 0.

Mia moja na nane. Mtu aliyekuwa mfano wa sauti ya ndege hakuandika hata mara moja kwamba amemsikia.

Nikamwandikia Dkt. Bupe mchana uleule.

*

Dkt. Bupe Mwasomola ndiye msimamizi wa Daftari kwa milima yetu. Ni mwanamke mfupi, msema taratibu, anayevaa buti kubwa kuliko miguu yake. Alipanda mwenyewe siku ya tatu. Mkutano ulifanyika darasani shuleni, tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu.

Mwenyekiti wetu Mzava alinipa nafasi nikaeleza. Nilipomaliza nikarudi dawatini. Kisha Mama Nanzia, ambaye ndiye anayebeba mizigo mikubwa kuliko wote katika njia ile, akauliza, "Kwa hiyo mimi ndiye kitirwi?"

Watu wakaangua kicheko, lakini kilikatika haraka.

"Kwa hesabu ya mashine," Dkt. Bupe akasema, "mama yangu, wewe peke yako ni kama vitirwi arobaini."

"Na mzee Elinihaki alijua?" mtu akauliza kutoka nyuma. Sikugeuka kumtazama. Nilisimama nikaweka madaftari tisa juu ya meza ya mwalimu, nikamwomba Mzava asome ukurasa wowote, sehemu ya chini tu. Akasoma. Akafungua lingine akasoma. Alisoma sifuri kama kumi na tano hivi, kisha akavua miwani.

"Tuliokosea ni sisi," Dkt. Bupe akasema. "Yule fundi aliandika pembeni kwamba ni sauti ya kushika nafasi. Nimeiona jana. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyesoma pembeni. Nimeshaandika hivyo kwa mkono wangu na kutia sahihi."

Senkondo akanyoosha mkono. "Daktari, tuambie lililo kubwa. Msitu unatoka kwenye orodha ya misitu isiyokatwa?"

"Kisheria tuna siku ishirini na moja tangu kosa linapotangazwa. Nimelitangaza leo. Ndani ya siku hizo tumpate kitirwi mwenyewe, asikiwe na watu wawili na sikio moja kwa pamoja. Tukishindwa, unatoka."

Darasa likanung'unika. Yeye akayavuta madaftari ya mume wangu karibu, akaanza kuyafunua kama mtu anayetafuta namba ya simu.

"Mama Mbazi, hivi vituo vyote viko kando ya njia?"

"Vyote. Ndiko tunakoweza kufika alfajiri."

"Mia na nane mara sifuri kando ya njia." Akalifunga daftari. "Basi huku hayupo. Huyu mzee ametuondolea nusu ya mlima. Bila haya tungezunguka hapa siku zote ishirini na moja."

Kisha akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Sikio likisikia kitu kisichofanana na mfano wowote, halikitupi. Linakiweka kwenye kasha la sauti zisizojulikana, na kasha letu lilikuwa na vipande elfu sitini ambavyo hakuna aliyewahi kuvigusa. Alitaka vipande vya masikio yaliyo mbali na njia. Elfu tisa. Mashine isingeweza kuvichambua, maana ilifundishwa vibaya. Alihitaji masikio ya watu.

"Na jambo la pili," akasema. "Kwa siku ishirini na moja, mtu yeyote asipige mluzi msituni. Hata mmoja. Mkaguzi akikuta mluzi kwenye rekodi ya siku hizo, hataamini kilichobaki."

"Na kwenye kona tufanyeje?" Mama Nanzia akauliza. "Tugongane kama mbuzi?"

*

Tuligonga vifuniko vya sufuria. Wengine walipiga panga kwenye jiwe, wengine waliita majina yao kwa sauti: "Mzava nashuka, Mzava." Siku ya soko ya kwanza njia ilisikika kama jikoni kwenye harusi. Kona ya kumi na moja Mama Nanzia na mkungu wake wa ndizi alikutana uso kwa uso na mkwewe aliyesahau kugonga, wakasimama wakitazamana, na kwa kuwa mkwe hapaswi kumgusa mama mkwe, ilibidi aingie kichakani kinyumenyume. Habari ilifika sokoni kabla yao.

Lakini mluzi haukupigwa. Watu waliokuwa wanapiga tangu wana miaka mitano walitembea wameuma midomo. Mimi mwenyewe kona ya pili nilijikuta nimekunja midomo tayari, nikaifunika kwa kiganja.

Jioni, kabla ya chakula, tulikaa darasani watu sabini na wanne na vishikwambi na simu, kila mmoja na vipande vyake. Dkt. Bupe alitufundisha kutupa kwanza: mvua, tawi, chura, nyani, ndege tunaowajua. Kila kipande kilisikilizwa na watatu wasioambiana. Wakitofautiana, kinakwenda kwa wengine watatu. Mwalimu mstaafu mwenye uziwi wa sikio moja aliomba kazi ya kuhesabu vilivyokwisha, na kila jioni alisimama kutangaza kama anatangaza matokeo ya uchaguzi.

Siku ya kumi na mbili, vipande mia tatu vilikuwa vimebaki. Binti mmoja anayeitwa Namsifu, mshonaji, alivua vipokea sauti akasema, "Mama Mbazi, njoo usikilize hiki. Kuna mtu anapiga mluzi, halafu kuna mtu anamkosea adabu."

Nikasikiliza. Mbili fupi, moja ndefu inayoshuka. Lakini kabla ile ndefu haijafika chini, sauti nyingine ilipanda juu yake, nyembamba, ikaichukua na kuirudisha juu, mpaka ikaishia pale ambapo mluzi wetu haujawahi kufika.

Nilikirudia mara nne.

"Daktari," nikaita. "Ni wawili."

Alikuja akasikiliza akiwa amesimama. Kisha akakaa chini, kwenye sakafu ya saruji na mabuti yake. "Wanaimba kwa jozi," akasema. "Dume anaanza, jike anamaliza. Mababu zenu walichukua nusu. Na mashine ilitafuta nusu iliyo peke yake, ikisikia wimbo mzima inasema haimjui."

Kwa miaka kumi na moja mashine ilikuwa imemsikia na kumweka kwenye kasha lisilo na jina. Kabla hatujafunga darasa tulipata vipande thelathini na kimoja. Vyote vilitoka kwenye masikio matatu yaliyofungwa Bonde la Mhiru, nyuma ya mlima, ambako hakuna njia wala shamba.

*

Tulihitaji siku tatu kupitisha kijia cha mtu mmoja bila kukata mti. Vituo tisa viliwekwa, na kwa kuwa wasikilizaji walikuwa wengi, tulipiga kura. Mimi na Senkondo hatukuwekwa kwenye kura. Mzava alisema tu, "Hao wawili kituo cha kwanza," akaenda kwa mwingine.

Siku ya kumi na sita tulikaa. Sifuri. Siku ya kumi na saba, ukungu ulikuwa mzito, sikuona mkono wangu. Sifuri. Nikaandika sifuri zote mbili kwa kalamu, kwenye daftari la kumi, lililokuwa na kurasa tupu. Senkondo aliponiona nikiandika alisogea akanong'ona, "Shemeji, mwandiko wako nao umeanza kuegemea kushoto."

Siku ya kumi na nane, ukungu ulipanda mapema. Jua lilikuwa limegusa ncha za miti ya upande wa pili, bado chini palikuwa baridi. Saa yangu ilionyesha dakika ya kumi na tatu.

Mbili fupi. Moja ndefu.

Moyo wangu ulidhani ni yeye. Sitalificha hilo, kwa muda wa pumzi moja nilidhani ni Elinihaki anashuka kona. Kisha ile ya pili ikaingia, ikapanda, na juu ya tawi lenye kuvu nikawaona. Wadogo kuliko shore, kijani cha kufifia, koo jeupe. Jike alikuwa na jani mdomoni na aliimba bila kulidondosha.

Senkondo alinishika mkono akaubana mpaka ukauma. Sheria ya kituo ni kutosema kitu mpaka dakika ishirini ziishe, na hakusema kitu. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu, mabega yakimtikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Kwenye shina mbele yetu sikio la Daftari liliwaka taa yake ndogo ya kijani: limesikia.

Dakika saba zilizobaki ndizo ndefu kuliko zote nilizowahi kukaa. Waliimba mara tano.

Zilipokwisha, Senkondo akachukua kalamu. Alitaka kuandika, akanirudishia. "Andika wewe. Mimi nitaharibu."

Nikaandika: Kitirwi, 2.

Kufikia siku ya ishirini na moja, vituo tisa vilikuwa vimesikia jozi tisa. Zamani Daftari lilisema tuna vitirwi mia mbili na kumi na wawili. Mkaguzi alisimama darasani na karatasi yake, akasoma kwamba msitu wa Ikweni unabaki kwenye orodha, na sasa pamoja na Bonde la Mhiru lote, ambalo awali halikuwamo, na vigingi vya minara viondolewe. Jozi tisa, alisema. Watu walipiga vifuniko vya sufuria mpaka mwalimu mstaafu akasema hata sikio lake lililokufa limesikia.

*

Nilimwuliza Dkt. Bupe swali langu wakati anafunga mizigo. Nilikuwa nimelibeba tangu siku ya kwanza.

"Ule mfano wa zamani. Mmeshaufuta?"

Aliacha kamba za begi. "Mama, ule ndio tunaouhitaji kuliko yote sasa. Mashine lazima ijue kitirwi, lakini lazima ijue pia mtu wa Ikweni anayeshuka na mzigo. Nimeuhamisha. Tazama."

Akanipa kishikwambi. Paliandikwa: Sauti ya mtu. Mluzi wa njia. Elinihaki wa Ikweni, msikilizaji. Chini yake kulikuwa na sekunde zilezile nne, na pumzi yake mwishoni hawakuikata.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya soko ya kwanza tangu katazo liondolewe. Nilijitwika kapu la tangawizi nikashuka. Kona ya kwanza nilipita kimya, kwa mazoea ya siku ishirini na moja. Kona ya pili nikasimama. Kuna sikio pale, kwenye mti mkubwa upande wa kushoto, alilolifunga Elinihaki kwa mikono yake.

Nikakunja midomo nikapiga. Mbili fupi, moja ndefu inayoshuka.

Nikatoa kishikwambi kwenye kapu kuona mashine itasemaje. Ilifikiri kidogo, kisha ikaandika: Kona ya pili, saa moja na dakika kumi. Mtu.

Huko chini, kona ya tatu, mtu aliyekuwa anapanda akajibu.